Kuivisha Mboji Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wakulima wengi wa mikoa yetu waliojaribu kutengeneza mboji huishia kwenye moja ya mambo matatu: biwi linalokaa miezi sita huku majani yakiwa vilevile, biwi linalonuka hadi majirani wanalalamika, au mbolea inayopendeza machoni lakini mahindi yaliyotiwa yanageuka manjano. Vyanzo vya matatizo haya ni tofauti, ila nyuma ya yote matatu wapo viumbe walewale wasioonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu, ambao ndio wanaoivisha mboji. Mkulima huwaandalia tu chakula, maji na hewa.

Kwa maoni yangu, kosa linalotangulia mengine yote huku kusini ni la maji na majira. Watu huanzisha biwi Septemba au Oktoba, kila kilicho kibichi kikiwa kimeshakauka, wakati kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba ndoo ya maji ni kitu cha kuhesabiwa. Anza Mei au mwanzoni mwa Juni, mara baada ya mavuno, magugu yakiwa bado na umajimaji na samadi ikiwa haijakauka. Biwi la Mei huiva kabla ya mvua za Novemba na Desemba, na hapo ndipo linapohitajika.

## Vitu vya kuandaa

Kipimo kinachofaa kwa kaya ni biwi lenye upana na urefu wa mita 1.5, na kimo cha mita 1.2. Biwi lililo chini ya mita moja kila upande hupoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha, na likizidi mita 1.5 kwa kimo, uzito wake hushindilia tabaka za chini na kufukuza hewa.

- Takataka kavu: majani ya mikorosho na miembe, mabua ya mahindi na ya ufuta, maganda ya karanga na ya njugumawe, majani makavu ya migomba. Hizi zina kaboni nyingi, ambayo vijidudu huitumia kupata nguvu.
- Takataka mbichi: magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, majani ya mbaazi, kunde na mlonge, maganda ya mihogo na ya ndizi. Hizi zina naitrojeni, ambayo vijidudu huihitaji ili kujenga miili yao na kuzaliana.
- Samadi ya mbuzi. Ukitumia ya kuku, tia nusu ya kiasi, kwa kuwa naitrojeni yake ni nyingi zaidi.
- Maji: ndoo 8 hadi 12 za lita 20 siku ya kujenga, pamoja na akiba ya ndoo mbili au tatu kila utakapopindua. Maji yaliyooshea mboga au kulowekea mihogo yanafaa kabisa. Yenye sabuni nyingi hayafai.
- Debe moja la mboji ya zamani, au udongo mweusi uliochotwa chini ya mti mkubwa.
- Panga, jembe, koleo, pipa la kulowekea, nguzo mbili za mianzi, fimbo ndefu iliyonyooka, na makuti au turubai la kufunikia.

Utasikia habari za dawa za vijidudu zinazouzwa kwenye chupa. Sizipingi, lakini si sharti. Gramu moja tu ya udongo wenye rutuba ina mamia ya mamilioni ya bakteria, na majani yenyewe huja na vijidudu vyake. Biwi kavu halitaamka hata ukilimwagia chupa kumi.

## Vitu vya kuweka mbali na biwi

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa, ni maganda ya korosho yanayobaki kwa wabanguaji. Maganda hayo yana mafuta makali, yaleyale yanayobabua vidole vya anayebangua bila kupaka kinga mikononi, na mafuta hayo hudhoofisha au kuua bakteria. Debe moja la maganda mabichi ya korosho laweza kulilaza biwi zima.

Jihadhari pia na majani ya mikorosho iliyopulizwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Salfa inapulizwa ili kuua kuvu, na haichagui kati ya kuvu anayeshambulia maua ya korosho na kuvu anayekusaidia kuvunja majani magumu. Kusanya majani kabla ya msimu wa kupuliza kuanza, au yaokote kwenye mikorosho ambayo haikupulizwa. Ukianza Mei, tahadhari hii hujitimiza yenyewe.

Mimea iliyokauka kwa dawa ya kuua magugu, kinyesi cha mbwa na paka, plastiki na mifuko ya nailoni: hivi havina mjadala. Walio pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, wanaweza kutumia mwani uliotupwa na mawimbi, mradi uoshwe au uachwe unyeshewe kwanza ili chumvi itoke. Vichwa na matumbo ya samaki vinafaa pia, lakini vifukiwe katikati kabisa ya biwi, la sivyo kunguru na paka watalifumua usiku na mchana.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na umbo

Chagua kivuli cha nusu siku, mahali pasipotuamisha maji, karibu na shamba au bustani kuliko karibu na nyumba. Usiegemeze biwi kwenye shina la mti, kwa kuwa mizizi itapanda na kunywa virutubisho kabla yako.

Kwenye udongo wa kichanga wa nyanda za juu za Makonde, chimba shimo la kina cha sentimita 30 hadi 40 na uinue biwi kuanzia humo. Upepo wa kiangazi hukausha pande zilizo wazi, na sehemu iliyo chini ya ardhi hubaki na unyevu. Mabondeni, kwenye udongo mzito mweusi, usichimbe kabisa. Mvua moja isiyotarajiwa itageuza shimo kuwa kinamasi.

## Hatua ya 2: Katakata, kisha loweka

Jani la mkorosho ni gumu, lina nta juu yake, na maji huteleza bila kuingia. Ndiyo sababu mtu anaweza kumwaga ndoo tano juu ya lundo, akaridhika kwa kuona majani yanang'aa, ilhali ndani ni makavu kabisa. Bakteria huishi ndani ya utando mwembamba wa maji ulio juu ya takataka, na utando huo usipokuwepo hawali wala hawazaliani.

Katakata majani na mabua kwa panga hadi yafikie urefu wa kidole au nusu yake. Kila mkato ni mlango mpya wa kuingilia vijidudu, na mabua ya ufuta yasiyokatwa utayakuta mazima baada ya miezi minne. Kisha yajaze ndani ya pipa, yakandamize kwa jiwe na uyaache yalowe usiku kucha. Maji yanayobaki asubuhi usiyamwage, yatumie kulowekea awamu inayofuata. Kwa kukadiria, kila kilo 10 za majani makavu huhitaji kunywa takriban lita 10 za maji.

Ukifanikiwa, jani ulilolitoa pipani litakunjika bila kuvunjika na rangi yake itakuwa imekolea.

## Hatua ya 3: Pima na uchanganye

Vijidudu hufanya kazi kwa kasi zaidi chakula chao kinapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Huna haja ya maabara. Weka chini matawi membamba au mabua mazima ili hewa ipite, simamisha nguzo mbili za mianzi katikati, kisha panga hivi:

1. Takataka kavu zilizolowekwa, sentimita 20.
2. Takataka mbichi, sentimita 10.
3. Samadi ya mbuzi, sentimita 5.
4. Konzi mbili au tatu za mboji ya zamani au udongo mweusi.

Hapa wengi huacha tabaka zilivyo, biwi likapendeza kwa mistari yake. Tabaka ni kipimo tu. Kijidudu kilicho ndani ya jani kavu hakiwezi kusafiri sentimita 15 kufuata naitrojeni ya samadi, kwa hiyo kila ukikamilisha mzunguko mmoja, changanya kwa jembe au koleo kabla ya kuanza mwingine. Rudia hadi kimo cha mita 1.2, kisha zitikise nguzo na kuzichomoa ili mashimo yake yabaki kuwa njia za hewa.

Onyo: usinyunyize majivu juu ya samadi. Majivu hupunguza uchachu, na naitrojeni ya samadi ikikutana nayo hugeuka gesi ya amonia na kupaa. Harufu kali inayochoma pua ni mbolea yako inayoondoka.

## Hatua ya 4: Pima unyevu kwa mkono

Ingiza mkono ndani ya biwi hadi kwenye kiwiko, chota konzi moja na uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, na konzi ikabaki imeshikana unapofungua kiganja, unyevu unatosha. Isipotoa kitu na ikasambaratika, ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya. Yakichuruzika mfululizo, maji yamejaza nafasi za hewa: fumua, changanya majani makavu, kisha jenga upya.

Funika kwa makuti au majani ya migomba. Turubai linafaa likiachiwa upenyo wa hewa pembeni. Kifuniko huzuia jua na baadaye huzuia mvua, ambayo ina hasara watu wasiyoifikiria: potasiamu, kirutubisho kimojawapo cha mimea, haihitaji kusubiri bakteria ili itoke kwenye majani, inayeyuka kirahisi, na mvua kubwa ikilipiga biwi lililo wazi potasiamu ndiyo ya kwanza kukimbia.

## Hatua ya 5: Soma joto

Choma fimbo hadi katikati ya biwi na uiache humo. Siku ya tatu ichomoe na ushike ncha yake. Inapaswa kuwa na joto ambalo kiganja hakivumilii kwa zaidi ya sekunde chache, pamoja na unyevu.

Joto hilo hutokana na bakteria wenyewe. Wanaoanza hupenda joto la kawaida na hula sukari na wanga, yaani vilivyo rahisi. Kadiri wanavyokula ndivyo biwi linavyopata joto, na likizidi nyuzi 45 za selsiasi hao hupungua na kuwapisha bakteria wapendao joto, wanaovunja protini, mafuta na sehemu ya nyuzinyuzi. Lengo ni nyuzi 55 hadi 65. Joto la 55 likidumu angalau siku tatu mfululizo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Likizidi 70, hata vijidudu vyako huanza kufa, na hapo ni lazima kupindua mara moja.

Fimbo ikitoka baridi na kavu, tatizo ni maji. Ikitoka baridi lakini na unyevu wa kutosha, naitrojeni imepungua: ongeza samadi au majani mabichi. Ikitoka baridi, ikiloa na kunuka yai viza, hakuna hewa, na bakteria wasiotumia hewa wameshika usukani. Wao pia huozesha, lakini polepole, na naitrojeni nyingi hupotea angani.

Kuhusu mchwa, ambao kila mkulima wa huku anawajua: mchwa hufuata mabua makavu. Ukiona udongo wao mwekundu ubavuni mwa biwi, chukulia kwamba upande huo umekauka. Lowesha, changanya, nao watahama bila dawa.

## Hatua ya 6: Pindua

Joto likianza kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi, fumua biwi lote na kulijenga upya kando yake. Kilichokuwa nje kiingie ndani, na kilichokuwa ndani kitoke nje. Fanya asubuhi mapema. Mvuke utakaopanda unapofungua katikati ni ushahidi kwamba kazi inaendelea. Utaona pia utando wa kijivu na mweupe uliotapakaa juu ya majani, sentimita kumi au ishirini kutoka juu. Wengi huudhania ugonjwa na kuutupa. Ni kuvu na aina ya bakteria wanaofanana na kuvu, wavunjaji wa sehemu ngumu ambazo bakteria wengine wameshindwa, na ndio watakaoipa mboji harufu ya udongo ulionyeshewa.

Rudia kila baada ya wiki mbili. Vitabu vingi hupendekeza kupindua mara kwa mara, lakini kiangazi cha kwetu kila kupindua kunapoteza maji. Mara tatu zinatosha, mradi kila mara upime kwa mkono na kuongeza maji yanayopungua.

## Biwi la mabibo

Oktoba hadi Desemba mabibo huanguka na kuozea chini ya mikorosho, na bibo moja laweza kuizidi korosho yake uzito mara tano hadi kumi. Kilicho bora zaidi ni kwamba sehemu kubwa sana ya bibo, zaidi ya asilimia 80, ni maji. Kwa aliyechelewa kuanza Mei, huu ndio mlango wa pili: gunia la mabibo ni gunia la maji yasiyonunuliwa, yaliyokuja na sukari ya kuamshia bakteria, tena mwishoni mwa kiangazi.

Hata hivyo mabibo yakilundikwa peke yake huharibu kila kitu. Hupondeka yakawa uji usiopitisha hewa, sukari ikachachuka kuwa pombe kisha siki, na uchachu huo ukawasimamisha bakteria wa kawaida. Kila anayejua uraka, yaani pombe ya mabibo, unavyotengenezwa anajua jinsi jambo hili lilivyo la haraka.

Fanya hivi. Pasua mabibo kwa panga na uyaache juani siku moja au mbili, au tumia machicha yaliyobaki baada ya kukamua. Kipimo ni ndoo moja ya mabibo kwa ndoo tatu za majani makavu yaliyokatwakatwa. Hapa hakuna haja ya kuloweka, majani yatanyonya maji ya mabibo. Nyunyiza kiganja kimoja cha majivu juu ya kila ndoo ya mabibo ili kupunguza uchachu, changanya vizuri, ndipo uweke majani makavu na hatimaye samadi, ili majivu na samadi visigusane moja kwa moja. Maliza kwa sentimita 10 za majani makavu juu yake, kwa ajili ya nzi.

Pindua mapema, siku ya nne au ya tano, kwa kuwa biwi hili hushuka na kujibana upesi. Harufu ya pombe siku mbili za mwanzo si tatizo. Ikiendelea baada ya kupindua, ongeza majani makavu.

## Hatua ya 7: Pumzisha

Biwi likipinduliwa na lisipate joto tena, watu hushangilia na kulipeleka shambani. Hapa ndipo manjano ya mahindi yanapoanzia. Ndani bado kuna kaboni isiyoliwa, na ukiifukia, vijidudu huendelea kuila vikichukua naitrojeni ya udongoni kwa ajili ya miili yao. Mmea hubaki na njaa hadi watakapomaliza.

Acha biwi, likiwa na unyevu na limefunikwa, kwa wiki nne hadi sita. Katika utulivu huo, joto likiwa chini ya nyuzi 40, hurudi bakteria ambao hawakuweza kuishi kwenye moto. Naitrojeni iliyotoka kwenye protini ipo katika umbo la amonia. Kundi la Nitrosomonas huigeuza kuwa naitraiti, na kundi la Nitrobacter huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mizizi hufyonza kwa wepesi. Vijidudu vingine hutoa asidi na vimeng'enya vinavyofungua fosforasi iliyofungwa. Vyote hivi vinahitaji hewa, kwa hiyo usishindilie.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwamba imeiva

Biwi liwe limepungua hadi nusu au chini ya hapo, rangi iwe kahawia iliyoiva au nyeusi, na jani lisitambulike tena, isipokuwa vishipa vichache. Hayo ni ya macho. Fanya na haya mawili:

- Tia konzi mbili zenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, funga na uweke kivulini siku tatu. Ukifungua ukakuta harufu ya uchachu au amonia, rudisha kwenye biwi kwa wiki mbili nyingine.
- Panda mbegu za mchicha kwenye kopo lenye nusu mboji na nusu mchanga, na nyingine kwenye udongo wa kawaida. Zikichipua sawasawa na majani yake yasiwe manjano baada ya wiki moja, mboji ni salama.

## Hatua ya 9: Peleka shambani

Mboji itiwe ardhini mvua zikianza, isitandazwe juani Oktoba ikisubiri. Jua hukausha bakteria na upepo huchukua kilicho chepesi.

Kwa mahindi, weka viganja viwili kila shimo, changanya na udongo, ndipo upande. Kwa bustani ya mboga, kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Kwa mche wa mkorosho, changanya debe moja na udongo wa juu unaorudishwa kwenye shimo la kupandia. Kwa mkorosho mkubwa, usiweke shinani, ambako mizizi inayofyonza ni michache na mchwa watakaribishwa. Tandaza debe mbili au tatu kwenye duara chini ya ukingo wa matawi na ufunike kwa udongo kidogo.

Usitarajie kasi ya mbolea ya dukani. Naitrojeni ya mboji hutoka polepole, robo yake au chini ya hapo katika msimu wa kwanza. Faida yake kubwa kwenye mchanga wetu ni kushika maji na kuzuia virutubisho visizame na mvua, na hiyo huongezeka kila mwaka unapotia tena.

Mboji inayobaki ihifadhi kwenye viroba visivyofungwa kabisa, kivulini, ikiwa na unyevu kidogo. Tenga debe moja ulitie kwenye biwi la msimu ujao.